Barua ya Kuomba Radhi

Jumatatu asubuhi tunafunzwa uongo ulio kweli,
Jumatatu alasiri, kweli isiyomchosha mteja.
Chumba ni kile kile, C12, ghorofa ya pili.
Dirisha moja linagoma kufungwa,
na mvua ya Bangor inaingia darasani
bila kujiandikisha, bila kulipa ada.

Mimi Nerys. Arobaini na mitatu.
Miaka kumi na sita niliitumikia kampuni ya maji,
dawati la malalamiko, nikiandika:
*Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.*
Uliojitokeza!
Kana kwamba usumbufu ni mgeni
aliyepiga hodi mwenyewe, hakutumwa na mtu.

Wenzangu ni vijana. Osian anaandika mazimwi
yenye mabawa na madeni ya moyo.
Lowri hatumii nukta; nukta, anasema, ni polisi.
Kieran wa Wrexham haandiki kitu,
lakini anavyokaa bila kuandika
sote tunamwogopa.

Dakta Pryce ana kalamu ya kijani.
Wiki ya tatu nilimpa shairi la babu yangu,
machimbo ya mawe ya paa, mapafu, vumbi,
mistari thelathini na miwili,
kila mmoja umevaa suti ya kuazima.
Akakata thelathini na mmoja.
Akauacha huu:
*Hata Jumapili alikohoa kwa saa za kazi.*
Pembeni akaandika: Huyu ndiye bibi harusi. Wengine wapambe.

Nililia chooni, sitaficha.
Kisha nikachukua ada, pauni elfu tisa na ushei,
nikaigawa kwa mstari mmoja,
nikacheka hadi msafishaji akagonga mlango.

Alasiri: maelekezo ya birika la umeme.
Maneno yasizidi sitini, na mtu asiungue.
Osian akaanza: *Maji yanapoota ndoto ya mvuke…*
Akapata sifuri.
Kwa Lowri mtu angeungua kabla ya kupata pa kupumua.
Mimi niliandika:
*Jaza. Funika. Washa. Usiguse.*
Nikapata alama zote.

Usiku jikoni nikayasoma kwa sauti
na mama akatoka ndani ya vitenzi vile,
na aproni yake, na harufu ya vitunguu.
Hivyo ndivyo alivyotulea.
Funika. Usiguse. Kula.
Kupenda hakukutamka,
si kwa Kiwelishi, si kwa Kiingereza,
na hakuna kati yetu aliyeungua.

Sasa kazi ya mwisho wa mwaka.
Wengine wanaleta riwaya. Mimi nimeleta barua moja.

*Bwana Gethin Rowlands,
Mwaka 2011 ulituandikia kurasa nne kwa mkono.
Maji yalipanda hadi droo ya tatu
ulimoweka picha za mkeo.
Nilikujibu kwa sentensi moja, ile ya kila mtu,
na jina lako nikalikosea.
Bomba lilikuwa letu. Lilikuwa linavuja tangu Machi.
Tulijua.
Mimi nilijua.*

Dakta Pryce akaisoma amesimama.
Kalamu ya kijani ikatembea juu ya karatasi
kama nzi asiyeona pa kutua.
"Nikusahihishie wapi," akauliza,
"kwenye somo la asubuhi au la alasiri?"
Hakuna aliyejibu.
Kieran, wa kwanza tangu Oktoba, akafungua daftari.

Stempu nimenunua. Anwani ninayo,
sijui kama mwenyewe bado yupo.
Bahasha imelala juu ya friji siku ya nne leo.
Siogopi kimya chake.
Naogopa atajibu:
zile kurasa nne nazikumbuka vizuri,
na katika C12 nzima, pamoja na mwenye kalamu,
hakuna anayeandika kama yule mzee.